Uvimbe wa Taya Haungoji Mavuno

Ndugu msomaji, kama unaishi Nyambureti, au katika kijiji chochote kingine cha nchi ile ya Tarime na Serengeti mkoani Mara, shavu la mtoto lililovimba si jambo geni kwako. Mtoto huamka asubuhi uso umeelemea upande mmoja, na kabla mtu hajauliza neno, jibu huwa limekwisha kutolewa: ni jino. Bibi ataagiza maji ya chumvi, jirani ataleta jani la kubandika, na baba, ambaye siku hizo ana shughuli za shamba au za ng'ombe, atasema mtoto apelekwe zahanati kazi zikipungua. Mara nyingi jambo hilo huishia hapo, kwa kuwa mara nyingi huwa kweli ni jino.

Lakini ziko siku ambapo si jino. Ndani ya taya la mtoto huweza kuota saratani ambayo wataalamu wanaihesabu miongoni mwa zile zinazokua upesi kuliko zote katika mwili wa binadamu. Uvimbe wake huweza kuwa maradufu katika muda wa siku moja hadi tatu. Familia inayosubiri mahindi yavunwe ili ipate nauli itakuwa imesubiri mno. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba saratani hiyo hiyo ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa vizuri. Mtoto anayefikishwa hospitali mapema ana tumaini kubwa la kupona na kurudi shuleni. Mtoto anayefikishwa akiwa ameshindwa kula, jicho limesukumwa nje na tumbo limejaa, tumaini lake ni dogo. Watoto hao wawili waliugua maradhi mamoja; kilichowatofautisha ni siku walizongojeshwa nyumbani.

Kwa sababu hiyo yafaa kila mzazi ayajue mambo mawili kuhusu saratani za kichwa na shingo. La kwanza ni namna ya kushuku mapema. La pili ni namna daktari anavyopata hakika, kwani baina ya kushuku na kuwa na hakika pana hatua ambayo watu wengi huikatiza njiani.

JINO AU SI JINO?

Jipu la jino lina tabia zake. Huuma sana, hasa usiku. Shavu huwa la moto ukiligusa. Mtoto hushikwa na homa, na akifungua kinywa utaona jino lililotoboka au ufizi unaotoa usaha. Jino likishughulikiwa, au dawa ya kuua vijidudu ikitumiwa kama ilivyoagizwa, uvimbe huanza kunywea baada ya siku chache. Matumbwitumbwi nayo yanajulikana: huvimbisha sehemu ya chini na mbele ya sikio, aghalabu pande zote mbili, huwapata watoto kadhaa kwa wakati mmoja, na baada ya juma moja hivi huwa yamekwisha.

Saratani ya taya huja kwa njia nyingine. Hupenda zaidi watoto wa umri wa kati ya miaka 4 na 9, na wavulana kuliko wasichana. Mwanzoni haiumi sana, na hilo ndilo linalowadanganya wazazi, maana wengi wetu tumezoea kuupima uzito wa ugonjwa kwa kilio cha mtoto. Ishara yake ya kwanza huonekana kinywani kabla ya kuonekana shavuni: magego hulegea. Kila mama anajua kwamba meno ya mbele ndiyo hutangulia kung'oka, mtoto afikapo miaka 6 au 7, na kwamba magego ya utotoni hufuata baadaye sana. Basi ukiona magego ya mtoto wa miaka 5 yanacheza, na meno yake ya mbele yangali imara, hapo pana neno.

Baada ya magego kulegea, ufizi huvimba na kuyasukuma meno yakae upande. Kisha shavu hujaa, na kila juma linalopita uso hubadilika. Uvimbe ukiwa katika taya la juu, huweza kulisukuma jicho litokeze nje. Pengine tumbo nalo huvimba kwa wakati huo huo, au miguu huishiwa nguvu, kwa sababu ugonjwa huu haukai tayani peke yake. Mzazi anayempeleka mtoto kwa sababu ya shavu na amueleze mganga pia habari za tumbo, za miguu na za haja ndogo, hata kama haoni uhusiano wake.

Na kwa kuwa tumelitaja jicho, iko dalili nyingine isiyostahili kupuuzwa hata siku moja. Mboni ya jicho la mtoto mchanga au mtoto mdogo ikionekana nyeupe, au iking'aa kama jicho la paka mwanga unapoipiga, mtoto huyo apelekwe kwa daktari wa macho mara moja. Huenda ikawa ni mtoto wa jicho, lakini huenda pia ikawa ni saratani ya ndani ya jicho, ambayo ikiwahiwa huweza kutibiwa kabla haijapanda ubongoni.

UGONJWA ULIOTAMBULIWA AFRIKA MASHARIKI

Labda utajiuliza, ndugu msomaji, ugonjwa huu wa taya ulijulikanaje. Habari yake ni ya kwetu Afrika Mashariki, na ina fundisho.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa watoto aitwaye Hugh Trowell alimwita mpasuaji mwenzake, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, amtazame mtoto wa kiume wa miaka kama 5. Mataya ya mtoto huyo yalikuwa yamevimba juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona jambo la namna hiyo. Jipu la jino haliwezi kutokea pembe zote nne za kinywa kwa wakati mmoja. Majuma machache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitupa macho nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Alipompima, aligundua kwamba tumboni nako mlikuwa na uvimbe.

Watoto wa namna hiyo hawakuwa wapya nchini Uganda. Daktari Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha michoro ya watoto wenye mataya yaliyovimba katika kumbukumbu za wagonjwa wake. Muda wa miaka mingi madaktari waliwaona, kila mmoja akampa mtoto wake jina la ugonjwa kulingana na mahali uvimbe ulipotokea. Mwenye uvimbe wa taya aliandikiwa hivi, mwenye uvimbe wa tumbo akaandikiwa vile.

Mwaka 1958 Burkitt mwenyewe alipoandika habari zake kwa mara ya kwanza, aliuita ugonjwa huo aina ya saratani ya nyama na mifupa. Walioonyesha ukweli wake ni wataalamu wa patholojia wa Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, waliovikagua vipande vya nyama chini ya hadubini. Waliona kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo ulikuwa ni ugonjwa mmoja, na kwamba ulikuwa ni saratani ya chembechembe za kinga ya mwili, ile ambayo wataalamu huiita limfoma. Tangu hapo ikaitwa limfoma ya Burkitt. Tazama basi: mpasuaji hodari, mwenye macho makali kiasi cha kuuona ugonjwa dirishani, alihitaji kipande cha nyama na hadubini ili aujue kwa hakika. Sembuse sisi tunaotoa hukumu kwa kulitazama shavu tu!

Mwaka 1961, mwaka ule Tanganyika ilipojipatia uhuru, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari kwa motokaa iliyokwisha kutumika. Kwa muda wa majuma 10 walikwenda mwendo wa maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza katika kila hospitali kama watoto wa namna hiyo wanaonekana. Waligundua kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi katika nchi za joto na mvua, na ulipungua sana katika nyanda za juu zenye baridi na katika sehemu kavu. Ramani ya ugonjwa ilifanana mno na ramani ya malaria.

Mwaka 1964, mjini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembechembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Leo tunajua kwamba kirusi hicho, kiitwacho Epstein-Barr, hupatikana kwa watu walio wengi duniani tangu utotoni, nao hawadhuriki nacho. Lakini mtoto anayeshikwa na malaria tena na tena, askari wake wa kinga huchoka, na wakati huo huo huzalishwa kwa wingi kupita kiasi. Katika msukosuko huo, mara chache sana, chembe moja huharibika, ikaanza kujigawa bila breki. Hivyo ndivyo saratani hii inavyoanza. Haianzi kwa kurogwa wala kwa jicho baya, na mtoto mwenye uvimbe huu hawaambukizi saratani ndugu zake wanaolala naye kitanda kimoja.

MKOA WA MARA NA VIDONGE VYA KLOROKWINI

Kwa habari hiyo, mkoa wa Mara una mahali pake katika vitabu vya elimu ya tiba. Hospitali ya Shirati, iliyoko kando ya ziwa katika eneo ambalo lilikuwa la Tarime na tangu mwaka 2007 ni wilaya ya Rorya, iliweka kumbukumbu za watoto wenye limfoma ya Burkitt kwa miaka mingi. Kwa ajili hiyo wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliichagua Mara Kaskazini kwa jaribio kubwa. Tangu mwaka 1977 hadi 1982, watoto wenye umri chini ya miaka 10 walipewa vidonge vya klorokwini kila baada ya majuma mawili, ili ionekane kama kupungua kwa malaria kutapunguza pia saratani ya taya.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1989, na wataalamu waliyaeleza kwa uangalifu. Malaria ilipungua mwanzoni, lakini baadaye ikarudi wakati vidonge vingali vinagawiwa. Watoto wenye saratani walipungua sana katika miaka ya jaribio, kisha wakaongezeka tena jaribio lilipokwisha. Hata hivyo, upungufu ulikuwa umeanza kabla ya vidonge kugawiwa, kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba vidonge peke yake ndivyo vilivyouleta. Wazazi wa Mara waliowapanga watoto wao foleni kwa miaka mitano hawakupata jibu moja lililo wazi. Lakini mchango wao ungali unasomwa na wanafunzi wa udaktari duniani kote.

Kwa mzazi wa leo, maana yake ni mbili. Kwanza, chandarua kinachomkinga mtoto na mbu, na tiba ya malaria iliyokamilishwa, huenda vinamkinga na jambo zito kuliko homa. Pili, mkoa huu ni mahali ambapo ugonjwa huu umeonekana na kuandikwa, kwa hiyo hakuna sababu ya mzazi wala mganga wa Mara kudhani kwamba ni maradhi ya nchi nyingine.

KIPANDE CHA NYAMA NDICHO SHAHIDI

Sasa na tuingie hospitalini, tuone daktari anafanya nini. Ataanza kwa kuuliza: uvimbe ulianza lini, ulikuwa na ukubwa gani juma lililopita, mtoto amepungua mwili, anatoka jasho usiku, ametumia dawa gani. Jibu maswali hayo kwa ukweli, hata yale yanayohusu dawa za kienyeji. Kisha atamulika kinywa kwa tochi, atayagusa meno moja moja, atapapasa shingo, makwapa na tumbo. Damu itapimwa malaria, virusi vya ukimwi na wingi wa damu. Huenda akaagiza picha ya eksirei ya taya na picha ya tumbo.

Vipimo vyote hivyo humwongoza daktari, lakini havitoshi kumpa hakika. Shahidi wa kweli ni kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe wenyewe, au chembechembe zilizovutwa kwa sindano nyembamba. Kipande hicho hutiwa katika chupa yenye dawa iitwayo formalini ili kisioze, huandikwa jina la mgonjwa na tarehe, kisha hupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia. Yeye hukikata vipande vyembamba kuliko karatasi, hukipaka rangi na kukitazama kwa hadubini. Limfoma ya Burkitt ina sura yake: chembechembe nyingi nyeusi zilizosongamana, na katikati yake chembe kubwa nyeupe zimetawanyika hapa na pale. Wataalamu wameifananisha sura hiyo na mbingu ya usiku yenye nyota.

Watu wengi huogopa kukatwa kipande hicho. Husemwa vijijini kwamba uvimbe ukiguswa na kisu hukasirika na kusambaa. Fikra hiyo imeua watu wengi. Mgonjwa aliyekatwa kipande halafu akafa baada ya miezi michache hakuuawa na kisu. Aghalabu alifika hospitali akiwa amechelewa, au alikatwa kipande kisha hakurudi kuchukua majibu. Huko kutorudi ndiko kunakokatiza njiani ile hatua niliyoitaja mwanzo. Chupa imefika maabara, majibu yameandikwa, lakini mgonjwa amekwisha rudi kijijini na simu yake haipatikani. Kabla hujaondoka hospitali, uliza majibu yatatoka siku gani, kwa nani, na uache namba za simu za watu wawili.

Yako pia mambo matatu ambayo huharibu ushahidi. La kwanza ni kuchanja chale juu ya uvimbe au kuubandika dawa kali. Jambo hilo huleta vidonda na usaha, na daktari akiona usaha huweza kudhani ni jipu. La pili ni kung'oa meno yaliyolegea, moja baada ya jingine, bila kuuliza kwa nini yamelegea. Jino la mtoto likiwa zima halina tundu, na bado linacheza, kosa haliko kwenye jino. La tatu ni kununua dukani vidonge vya kupunguza uvimbe, vile vya aina ya steroidi. Vidonge hivyo huweza kuunyweza uvimbe wa limfoma kwa siku chache, familia ikashangilia, kisha uvimbe ukarudi kwa nguvu. Na kipande kitakachokatwa wakati huo huenda kisionyeshe kitu.

Saratani hii ya taya haitibiwi kwa kuukata uvimbe wote. Tangu miaka ya 1960, madaktari wa Kampala na Nairobi waliona kwamba dawa za sindano, hasa ile iitwayo saiklofosfamaidi, huweza kuuyeyusha uvimbe katika muda wa siku chache. Lakini tiba hiyo yapasa itolewe wodini, mtoto akipewa maji mengi ya mshipa, kwa kuwa uvimbe mkubwa unapoyeyuka kwa ghafula huweza kuzielemea figo. Vile vile, uvimbe kunywea si kupona. Mtoto sharti amalize mizunguko yote ya dawa, hata kama uso umerudi kuwa mzuri na anaomba kwenda nyumbani.

WATU WAZIMA NAO WASIJISAHAU

Ndugu msomaji, tusidhani kwamba kichwa na shingo huugua kwa watoto peke yao. Kwa watu wazima saratani za sehemu hizo huenda polepole zaidi, na upole huo ndio mtego wake. Ipo kanuni moja nyepesi ambayo kila nyumba inaweza kuikumbuka: jambo lolote jipya la kinywani, kooni, puani au shingoni lisilopona kwa majuma matatu lipelekwe kwa daktari.

Kidonda cha ulimi, cha mdomo au cha ufizi kilichodumu majuma matatu, hata kama hakiumi, ni cha kuonyeshwa. Ndivyo ilivyo pia kwa baka jeupe au jekundu lisilofutika kinywani. Sauti iliyokwaruza na kubaki hivyo baada ya mafua kwisha yahitaji koromeo limulikwe kwa kioo au kwa mpira maalumu wenye taa. Chakula kinachokwama, kwanza ugali na baadaye hata uji, si dalili ya uzee. Sikio linalouma upande mmoja wakati sikio lenyewe ni zima, huenda maumivu yake yanatoka kooni. Rovu lililokaa miaka mingi bila kusumbua, likianza ghafula kukua, kuwa gumu na kubadili sauti, limebadili tabia na lapasa kupimwa upya.

Tezi la shingoni linahitaji neno la peke yake. Kwetu tezi la namna hiyo likionekana, wazo la kwanza huwa ni kifua kikuu, na mara nyingi wazo hilo huwa sahihi. Lakini tezi gumu, lisilouma, linaloendelea kukua, huenda ni mjumbe tu wa saratani iliyojificha kinywani, kooni au nyuma ya pua. Saratani ya nyuma ya pua ilichunguzwa sana mjini Nairobi katika miaka ya 1960 na mpasuaji Peter Clifford, na ina desturi ya kujitangaza kwa tezi la shingo, sikio moja lililoziba, au pua ya upande mmoja inayotoa damu mara kwa mara. Haiwachagui wazee, vijana nao huipata. Kwa hiyo tezi lisipasuliwe ovyo kama jipu. Lianze kuchomwa kwa sindano nyembamba na chembechembe zipimwe, huku daktari akitafuta chanzo chake juu. Na mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu, tezi lake likazidi kukua, arudi aseme, wala asimalize miezi sita akivumilia.

Chanzo cha nyingi katika saratani hizi za watu wazima tunakijua. Sigara, kiko na ugoro wa puani au wa kinywani vyote vina sumu ya tumbaku. Pombe kali nayo, kama gongo, huwasha na kuharibu ngozi laini ya kinywa na koo. Anayevitumia vyote viwili, hatari yake si jumla ya hatari mbili, huzidishana. Virusi vya ukimwi navyo hudhoofisha kinga na kufungua mlango wa saratani kadhaa, mojawapo ikiwa ile inayoleta mabaka ya rangi ya zambarau kwenye kaakaa. Kwa hiyo mtu anayejua hali yake na kumeza dawa zake kila siku amejikinga mara mbili.

NDUGU ZETU WENYE UALBINO

Wako jamaa zetu ambao saratani ya kichwa na shingo huwanyemelea kila siku jua linapochomoza. Hao ni watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuwakinga na mionzi ya jua. Kwao saratani ya ngozi hutokea mapema, pengine katika ujana, na hupendelea sehemu zilizo wazi: uso, masikio, midomo, utosi na shingo. Huanza kama ukoko mdogo mkavu au kidonda kisichopona, kitu ambacho mkulima hukipuuza akidhani amekwaruzwa na mti.

Katika kila familia yenye mtu wa namna hiyo, awepo mmoja wa kumkagua ngozi kila mwezi, hasa nyuma ya masikio na kisogoni, mahali asipoweza kujiona. Kofia yenye ukingo mpana, nguo za mikono mirefu, na kazi za nje zifanywe asubuhi na jioni. Mtoto mwenye ualbino akae darasani mbali na dirisha lenye jua, na ruhusa ya kuvaa kofia hata paredi isiwe jambo la kubishaniwa. Ukoko ukitibiwa ungali mdogo, kazi huwa ya dakika chache. Ukiachwa, hula sikio, kisha taya.

NJIA YA KWENDA

Dalili ikishaonekana, njia iko wazi. Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na useme waziwazi: uvimbe huu una majuma kadhaa, dawa mlizonipa hazikuusaidia, naomba barua ya rufaa. Mtu wa Nyambureti atapelekwa hospitali ya wilaya, Mugumu au Tarime kwa kadiri ya mahali anapokaa, na baadaye Musoma. Kwa kanda yote ya Ziwa, hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako kuna wataalamu wa saratani, wa patholojia na wa pua, masikio na koo. Wako pia wagonjwa watakaohitaji kwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road.

Safari hiyo ni ndefu, na ni kweli kwamba nauli, chakula na kumwacha mkulima nje ya shamba lake ni mzigo. Lakini mzigo huo ni wa ukoo mzima. Zamani ng'ombe walichangwa kwa mahari na kwa msiba; basi na wachangwe pia kwa safari ya mtoto aliye hai. Mmoja aende na mgonjwa, mwingine abaki na watoto, wa tatu apalilie shamba. Fikeni na daftari la kliniki, barua ya rufaa, na picha za eksirei zilizokwisha kupigwa. Mkifika mkaona fedha zimepungua, msiondoke kimya usiku. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kazi yao ni kusikiliza shida kama hizo.

Mwisho, ndugu msomaji, lipo zoezi la dakika moja ambalo halihitaji daktari wala fedha. Jioni, wakati wa kuwaogesha watoto, mwambie kila mmoja afungue kinywa kwenye mwanga. Yatazame magego yake, uyaguse kwa kidole kisafi. Papasa chini ya taya na pande zote za shingo. Tazama macho yote mawili kama yanalingana. Ukikuta yote ni shwari, mpe chakula chake akalale ndani ya chandarua. Ukikuta gego linalocheza lisilopasa kucheza, au uvimbe ambao juma lililopita haukuwapo, usimwagize jirani jani la kubandika. Kesho yake alfajiri shika njia ya zahanati, na mavuno yatakungoja wewe.